Mafuta Yamefika Bandarini

Rajabu mwanangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu uliyekula naye ugali mchana huu. Tangu jana najaribu kukuambia haya kwa mdomo, na kila nikianza tunaishia kugombana juu ya soksi. Basi naandika. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda cha baba yako, jua bado liko juu ya mapaa ya Buyenzi, na nitaandika mpaka lishuke nyuma ya milima ya Kongo, kwa sababu baada ya hapo nyumba hii haina taa, unajua mwenyewe. Wewe umekwenda Kamenge kuwaaga wenzako, kwa miguu kwenda na kwa miguu kurudi, maana mabasi ya kule yamelala bila mafuta. Kwa hiyo nina muda.

Mambo ya kuchemsha maji, ya sweta, ya kutowaonyesha watu pesa zako ndani ya boti, sitayaandika. Hayo jirani yetu Mama Furaha ameshakuchosha nayo, na Kongo ni kwao, anaijua kuliko mimi. Mimi nakuandikia ninayoyajua, nayo ni machache: samaki, barafu, na jinsi mtu anavyoweza kufanya jambo la akili kabisa na bado akaangukia pua.

Nianze na lililo karibu. Mlipoambiwa bandarini kwamba boti yenu ya kwenda Kalemie, Kongo, haitang'oa nanga mpaka ipate mazutu, dizeli yake, mimi nilifurahi. Mji mzima unaomba mafuta yaje. Wenye mabasi wanaomba, wenye mashine za kusaga wanaomba, msikitini tunaomba kwa sauti. Mimi nilikuwa naitikia amina pamoja na wenzangu, kisha nikiwa peke yangu kwenye mswala naomba yasije. Kila jioni ulirudi ukasema, "Mama, bado," nami nikakuambia, "Pole, baba," kwa uso wa huzuni, nikaingia jikoni na moyo mweupe. Nilikukaangia hata mayai. Jana ukaja mbio, jasho linakutiririka: "Mama, mazutu imefika! Kesho kutwa asubuhi tunapanda!" Nilisema alhamdulillahi kwa sababu mdomo umezoea. Kisha nikakaa juu ya gunia la mkaa mbele yako kama mlevi.

Tulikuwa watu wa barafu. Wewe ulizaliwa ndani ya mlio wa jenereta, na ulipokuwa mchanga, ikizimwa ndipo ulipoamka na kulia. Baba yako aliiunda kutoka kwenye jenereta mbili zilizokufa, akaiita Bibi Harusi, kwa kuwa ilikuwa haiwaki mpaka ibembelezwe. Umeme wa serikali ukikatika, na ulikuwa unakatika karibu kila siku, yeye alikuwa anaingia kwenye kile kibanda cha nyuma, anavuta kamba, anaisemesha, na friza letu kubwa linaanza kunguruma. Alfajiri nilikuwa ziwani kununua samaki wa mukeke. Niliwagandisha, nikawauza kwenye mikahawa, na barafu nikawauzia wanawake wa samaki sokoni. Mwezi wa Ramadhani watoto walikuja na mabakuli kabla ya magharibi, na mtaa wote ulifuturu kwa maji baridi ya kwetu. Hayo ya mabakuli hatukuwahi kuyatoza. Baba yako alikuwa anasema faida ya mwaka mzima anaipata kwenye kelele za wale watoto.

Petroli ina tabia moja nzuri ambayo sikuijua mpaka ilipotukimbia. Inakubali kununuliwa kidogokidogo. Siku ya samaki wengi nilinunua kidumu. Siku ya samaki wachache nilinunua chupa ya soda. Siku mbaya kabisa nilimwambia baba yako amwache Bibi Harusi alale, tukauza kilichokwisha kuganda. Mtu anayekula anachokipata leo anaweza kuishi na petroli, ingawa inamnyonya, kwa sababu inamnyonya kwa kipimo cha mfuko wake. Miaka yote ile niliitukana. Nilikuwa nakokotoa ni nyumba gani ningejenga kwa yale niliyoyachoma.

Halafu ikaanza kukosekana. Mwanzoni tulidhani ni ya wiki, kama ilivyokuwa huko nyuma. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa ndiyo hali yenyewe. Magari yalipanga foleni mpaka baba yako akasema atatokea mtu aliyechumbia, akaoa na kupata mtoto kwenye foleni hiyohiyo. Tuliambiwa nchi haina dola za kuagizia. Ya magendo ilikuwepo, ndiyo, ile inayovuka mto Rusizi kwenye madumu, lakini bei yake ilikula samaki wote na mimi juu, na nusu yake ilikuwa maji. Bibi Harusi alikohoa. Baba yako naye alikohoa. Unakumbuka daktari wa Kamenge alivyomwambia atoke kwenye moshi, naye akamjibu, "Dogita, mi nikitoka mu moshi, ni nani ataingia?"

Watu wa redioni wanasema dunia inaacha mafuta na kuingia kwenye jua. Wanasema kama vile ni sisi tuliokaa kikao tukaamua. Hatukuyaacha mafuta, Rajabu. Yenyewe ndiyo yaliyotuacha, na sisi tukaanza kutafuta pa kushika.

Kwa hiyo wazo la jua lilikuwa langu. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujipiga kifua, nasema ili ujue nililiwaza vipi. Niliwaza kifua cha baba yako. Niliwaza kwamba jua la Bujumbura halipangi foleni na halihitaji dola. Wenzangu wa upatu wakakubali kunipisha mbele ya zamu yangu, tukauza pikipiki, tukauza na Bibi Harusi. Aliyemnunua alitaka shaba iliyo ndani tu, akamfungua palepale uani kwa nyundo. Baba yako alisimama akamtazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia akacheka: "Umefukuza muke mwenzako. Sasa utapika we peke yako." Akaingia kwenye kile kibanda kitupu, na hakutoka mpaka adhana.

Jua halina chupa ya soda, mwanangu. Hilo ndilo nililojifunza, na ningelijifunza mapema kama ningekuwa nimeuliza. Jua unalinunua lote siku moja, la leo na la miaka ijayo, au huligusi. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza. Anayelipwa kwa dola anaweza zaidi. Mimi niliyezoea kununua moto wangu kama ninavyonunua chumvi, ilibidi niutoe utu uzima wangu wote kwa mkupuo. Na hesabu yangu ilikuwa na tundu. Nilipiga hesabu ya petroli yote ambayo sitainunua tena, nikaona utajiri. Sikupiga hesabu ya siku betri itakapokufa. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, kwa furaha.

Lakini siku ile ya kwanza! Ulikuwa mwaka wako wa mwisho wa shule ya ufundi, na ulizifunga paneli nne juu ya bati huku mtaa wote umesimama chini umekuangalia kama unatahiriwa. Ukashuka, ukabonyeza, friza likaguna lenyewe. Hakuna kamba, hakuna moshi, hakuna kelele. Nilisikia ndege uani kwangu, ndege ambao pengine walikuwepo siku zote. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Na mwaka ule baba yako alilala usiku mzima bila kukaa kitandani kutafuta pumzi. Kwa huo mwaka peke yake siwezi kusema nilikosea, na ukitaka kunilaumu, uutoe kwanza kwenye hesabu.

Simu zilianza wiki ileile. Kwetu mtoto akitumwa na kijiko kuomba chumvi, anapewa. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba kuran, huo umeme wa waya, nayo ni chumvi, ila ilikuwa. Simu za mtaa zilijaa mezani, kisha taa ya jirani aliye na mgonjwa, kisha redio ya mzee wa pembeni, kisha waya mmoja uliopita juu ya ukuta kwenda kwa Mama Furaha ili wanawe wasome. Wewe ulikasirika. Ulikuwa unakuja jioni unatazama kile kisanduku chenye namba na kuguna.

"Mama, batri si kisima. Iko na kipimo yake."

"Na jirani, ye iko na kipimo?"

"Mama, mi nakwambia mambo ya kuran, we unaniambia mambo ya batu."

Ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuwa nasema kweli. Hapo ndipo pana ugumu wenyewe.

Kisha mvua zikaja, wingu likakaa juu ya mji, na barafu yangu ikawa na moyo wa maji. Wanawake wa samaki walikuwa wanaipasua sokoni, maji yanachuruzika, wananitazama. Baadhi walirudi kwa mtu wa petroli ya magendo, aliyeuza ghali lakini barafu yake ilikuwa barafu.

Utakumbuka Mutanga Sud, kule kwa wenye pesa. Nilikwenda nawe kukubebea vyombo, ile kazi yako ya kwanza ya kulipwa, nyumba ya yule bwana mpole mwenye mbwa wawili. Ulifunga paneli nyingi kuliko zetu mara tatu, na betri ukazipanga kwenye chumba chao wenyewe, chenye kipoza hewa na mlango wa kufuli. Betri zina chumba, nilijisemea, na Mama Furaha analala na wanawe watano kwenye kimoja. Tuliporudi ukaniambia, "Mama, kule jua linafanya kazi," na sauti yako ilikuwa na furaha ya fundi aliyeona kazi yake imekaa sawa. Nilikuwa nimeangalia ule ukuta mrefu na kuwaza kwamba pale hakuna anayegonga na simu mkononi. Sikumchukia yule bwana. Alitupa chai na alilipa siku ileile. Niliona tu kwamba kile kitu kimetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye ukuta.

Na sasa matanga. Hatujawahi kuyazungumza, mimi na wewe, na nisingependa upande boti bila kuyazungumza.

Baba yako alipofariki, kifua hatimaye kimemshinda, watu walijaa mpaka barabarani. Taa zote ziliwashwa uani, kipaza sauti cha kisomo kikaletwa, na kila aliyekuja kutoka mbali aliichomeka simu yake, maana kwao hakukuwa na umeme. Usiku wa pili ukanijia katikati ya wanawake, ukainama.

"Mama, batri inakufa. Tuzime taa ya inje. Tuache ya kisomo tu."

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Ku matanga ya baba yako, batu bakae mu giza? Toka mbele yangu, mutoto asiye na haya."

Ulikwenda ukakaa chini karibu na betri, ukaiwekea mkono kama mtu anayempima mgonjwa homa, na ukakaa hivyo mpaka alfajiri. Watu walidhani unamlilia baba yako. Labda ulikuwa unamlilia.

Asubuhi ya siku ya tatu friza lilinyamaza. Samaki wote waliokuwa ndani, mtaji wetu wote, tuliwapikia watu wa matanga kabla hawajaoza. Walikula, wakasifu. Wakasema Mama Rajabu amemzika mumewe kwa heshima. Kweli nilimzika kwa heshima, na betri pamoja naye.

Unataka kujua kama najuta? Nakujibu kama ulivyo, mtu mzima. Ningerudishwa usiku ule, ningeziacha taa ziwake. Nisingeweza kukaa mtaa huu siku moja zaidi kama ningezizima. Ila nisingekuita lile jina. Ulikuwa mtu pekee pale uani aliyekuwa anajaribu kuokoa alichokiacha baba yako, na nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe, baba. Usinijibu kwa mdomo, tutagombana.

Mengine umeyabeba mwenyewe. Mimi nilikuwa ndani kwenye eda, sitoki, na wewe ukatumwa huku na huku kutafuta betri nyingine. Ulirudi na bei. Ukarudi tena wiki iliyofuata na bei nyingine, kubwa zaidi, ile ya kwanza haipo tena. Muuzaji alikuambia yeye pia ananunua dola barabarani. Hapo nikacheka, ukaniona nimechanganyikiwa. Nilidhani nimeikimbia dola kwenye petroli, kumbe nimeifuata mpaka nyumbani kwake. Paneli inatoka mbali, betri inatoka mbali, waya unatoka mbali. Cha kwetu kilikuwa jua tu, na jua hakuna anayekulipa kwa kuwa nalo.

Ukajaribu kuliendesha friza mchana peke yake, bila betri. Wingu likipita linazima, wingu likiondoka linashtuka, mpaka mashine yake ikaungua tukasikia harufu. Sasa naweka unga ndani yake, na nakubali kwamba kwa kuzuia panya ni friza zuri sana.

Ukachukua mkoba wa vyombo ukaenda nyumba kwa nyumba, Buyenzi, Kamenge, kote. Wote walikutaka. Walikuwa wanakuvuta mkono waingie nawe ndani wakuonyeshe pale wanapotaka taa. Na wote walisema neno moja: niwekee leo, nitakuwa nakulipa kidogokidogo. Ukaja ukaniambia mpango wako, ukatembea chumbani huku na huku macho yanakuwaka. Utazifunga wewe, watalipa kila siku bei ya mshumaa. Mwanangu, ulitaka kuuza jua kwa chupa ya soda! Ulikuwa umeliona tundu lenyewe la hesabu ya mama yako, na ulitaka kuliziba kwa ajili ya mtaa mzima. Sijawahi kujivunia mtu hivyo. Lakini ili uuze kwa chupa lazima kwanza uwe na pipa, na kila uliyemwomba akukopeshe pipa alikuuliza una nyumba ya kuweka rehani, una shamba, una mjomba wizarani. Ukavaa lile shati lako jeupe mara nyingi. Kisha ukaacha kulivaa.

Sikushangaa Mama Furaha alipoleta habari za kaka yake. Alikuwa anamaanisha wema. Alikaa hapahapa nilipokaa, akasema, "Mama Rajabu, kaka yangu iko Kolwezi. Anasema kule batu banachimba mawe ya batri, banapata kitu. Mutoto wako iko na mikono na akili. Anafanya nini hapa?"

Jioni ile nilikuuliza jiwe lenyewe ni la nini. Ulichukua punje ya maharage kutoka kwenye ungo wangu, ukaiweka kwenye mkeka. Ukasema linatoka ardhini kule, linasafirishwa, linapikwa nchi za mbali, linaingia kwenye betri za simu na za magari yasiyokunywa petroli.

"Kwa hiyo moshi utaisha?" nikauliza.

"Utaisha, mama."

"Wapi?"

"Kule magari yatakakokwenda."

Nikairudisha ile punje kwenye ungo. Nilikuwa nawaza kifua cha baba yako, na watoto wa huko ambao hawatakohoa, na kwa kweli ya Mungu niliwafurahia. Sina ugomvi na jua. Kama dunia inaweza kuishi bila moshi, na iishi. Ninachokiona tu ni kwamba wakati wa mafuta tulikuwa mkiani mwa foleni tukiwa na kidumu mkononi, na sasa wakati wa jua umefika, tumepewa nafasi mbele kabisa, chini ya ardhi, tukiwa na sururu. Mimi nilitaka betri moja nikashindwa kuilipa. Sasa natoa mtoto azichimbe za watu.

Kuna jambo moja zaidi.

Najua kuhusu mtoto wa kaka yake Mama Furaha. Aliniambia jikoni jana, ulipokuwa umekwenda kutafuta mkoba. Alikuwa anachambua mchele, ghafla akaanza kulia. Shimo lilimfunika mwaka jana, yeye na wenzake, na halikufukuliwa. "Kaburi yake ni palepale," aliniambia. "Baba yake anapita juu yake kila siku, anaenda kazi." Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alikuambia wewe, siku ya kwanza kabisa, na wewe ukamwomba asiniambie.

Kwa hiyo umekaa na jambo hili wiki zote ukila ugali wangu na kuniuliza habari za soksi. Na mimi tangu jana nimekaa nalo nikikujibu habari za soksi. Ndiyo maana tumegombana.

Sitakuambia usiende. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nyingine asubuhi, nikaichana. Mzazi anayesema "baki" lazima aonyeshe na pa kubaki, na mimi nikikuonyesha, nakuonyesha friza la unga na shati jeupe. Ningekuwa na pipa, ningekukalisha hapa kwa nguvu. Ningekufungia kwenye chumba chenye kufuli kama zile betri za Mutanga. Sina. Na wewe unajua sina, ndiyo maana hukuniomba ruhusa, uliniomba dua. Dua unayo. Sijui kama inashika mbele ya udongo.

Jua limeshagusa milima. Nafanya haraka.

Paneli mbili ziliuzwa friza lilipoungua, ya tatu ndiyo nauli yako. Ya nne, ile ndogo, unadhani ingali juu ya bati. Haipo. Nilimwita mtoto wa Mama Furaha akaishusha ulipoondoka. Iko chini kabisa ya mkoba wako, imefungwa kwa kanzu ya baba yako, na waya wake umo mfukoni. Usiitoe asubuhi ukaanza kunirudishia mbele ya watu bandarini. Umeme hapa unaonekana mara moja moja, na siku ambazo haupo nitachaji simu kwa watu. Nimewachajia mtaa mzima, sasa ni zamu yangu kugonga. Kwa hiyo ukipiga nisipokee, usifikiri nimekufa. Piga tena kesho yake.

Na nikipiga mimi usipopokea, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kujiambia chaji imekuishia. Kesho yake ningejiambia mawingu. Wiki ikipita ningejiambia masika ya Kolwezi ni marefu, huko porini hakuna umeme, mtoto atachajia wapi. Mama anaweza kuishi miaka kwa maneno ya namna hiyo. Wapo hapa Buyenzi wanaoishi hivyo. Ndiyo maana, kabla ya kuitia mkobani, nilikaa na paneli hii mapajani muda mrefu, nikiifunga na kuifungua. Ukiwa nayo, nitasikia sauti yako kila jua likitoka. Na siku jua likitoka nisiisikie, sitakuwa na la kujiambia.

Chukua tu, baba. Sioni tena mistari.

Mama yako